Tunawapataje wataalamu wa hapa hapa Mtwara wa kuelimisha kikundi chetu bila malipo?

Katibu wa kikundi, Chikongola, Mtwara

Ndugu zangu wa kusini, habari za leo.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 28 hapa Chikongola, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Tunakutana kila Jumapili saa 9 alasiri kununua hisa, kurejesha mikopo na kuchangia mfuko wa jamii. Kazi hiyo huchukua saa moja na nusu hivi, kisha wanachama hubaki chini ya mwembe wakizungumza mpaka jua lipungue ukali. Mwaka jana tulikubaliana kwamba, angalau Jumapili moja kila mwezi, muda huo wa mazungumzo tuutumie kumsikiliza mtu anayejua jambo fulani kwa undani, awe mganga, mtu wa sheria, bwana shamba, ofisa uvuvi au hata mwalimu wa historia. Fedha za kuwalipa hatuna, na hisa za watu haziguswi.

Tumejaribu mara mbili na mara zote mbili tumeumia. Mara ya kwanza tulimwalika mtaalamu wa afya kwa mdomo tu, kupitia mwanachama anayefahamiana naye. Alifika saa 11, wakati nusu ya watu wameshaondoka kwenda kupika, akiwa na kompyuta na picha za kuonesha ukutani, ilhali ukuta wenyewe hatuna. Akasoma maelezo yake kwa nusu saa kwa lugha ambayo mama mmoja muuza vitumbua aliita "Kiswahili cha hospitali", kisha akauliza posho yake iko wapi. Tulichangishana pale pale, shilingi 500 kila mmoja, kwa aibu. Mara ya pili alikuja kijana nadhifu aliyejitambulisha kuwa mshauri wa lishe. Alizungumza vizuri mno kuhusu sukari na presha, hadi alipofungua begi lake na kuanza kupanga makopo ya unga juu ya mkeka wetu. Wanachama watatu walikopa siku ile ile ili wanunue, na mmoja wao hadi leo hajamaliza kurejesha.

Naomba kuelekezwa mambo matatu: mtaalamu wa kweli anaalikwaje, ni kitu gani cha haki kumpa mtu anayekuja bure, na muuzaji anatambuliwaje kabla hajafungua begi.

Bwana shamba mstaafu, Newala

Katibu mwanangu, pole kwa hayo makopo.

Nimekuwa bwana shamba kwa zaidi ya miaka 30 katika Newala, Tandahimba na Masasi, na nikiri mapema kwamba nimewachosha watu wengi chini ya miembe yao, kama mgeni wenu wa kwanza alivyowachosha ninyi. Sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu, lakini sehemu nyingine ilikuwa ya mwaliko. Ukimwandikia mtaalamu aje "kutoa elimu ya afya" au "kilimo bora", umemruhusu achukue kabrasha lililolala kabatini tangu semina ya mwisho na kulisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Mpelekeeni swali, tena swali la mtu fulani mwenye shida fulani.

Somo hilo nilifundishwa na bibi mmoja. Chama cha msingi cha kijiji chake kiliniita nizungumzie kilimo bora cha korosho, nami nikaeleza nafasi ya mita 12 kwa 12 kati ya mche na mche, nikaeleza upogoleaji, nikaeleza palizi, mbele ya watu waliorithi mikorosho ya babu zao, ambao ile nafasi ya mita 12 wasingeweza kuitumia bila kung'oa kila kitu na kuanza upya. Walikuwa wanasinzia kwa adabu. Nilipomaliza, bibi yule akasimama akasema: "Mwaka huu nimepuliza salfa mara nne na maua yamekauka vilevile. Nimeuziwa salfa mbovu au nimekosea mimi?" Ghafla kila mtu akawa macho.

Sikumjibu pale. Kesho yake alfajiri tulikwenda shambani kwake, watu kama 15, na jibu tulilikuta juu ya mikorosho. Ubwiriunga ni ukungu unaoshambulia machipukizi machanga na maua, nao hustawi katika majira yetu ya baridi, kuanzia Mei au Juni hadi Septemba. Salfa ya unga ni kinga. Ua likishafunikwa na ule weupe na kukauka, salfa hailirudishi. Yeye alianza kupuliza baada ya kuona weupe. Tena unga ule hutakiwa kupulizwa alfajiri, hewa ikiwa imetulia na umande ungali juu ya majani ili upate kushika, lakini kibarua wake wa mashine alikuwa akimaliza kwanza mashamba ya watu wengine wawili, akifika kwake saa 3 asubuhi wakati upepo umeshaamka. Wingu lote la manjano lilikuwa likielekea kwa jirani, ambaye kwa kweli alivuna vizuri sana mwaka ule.

Tangu siku hiyo sikukubali mwaliko usio na swali, na nilipoweza nilihamishia mazungumzo mahali kitu chenyewe kilipo. Hata majira yana maana. Mtu wa ubwiriunga aitwe Aprili au Mei, kabla mikorosho haijachanua, kwa kuwa akija Septemba anakuja kutoa rambirambi. Mwezi Oktoba, minada ikianza, msimwite mtu yeyote. Nusu ya wanachama watakuwa ghalani na nusu nyingine watakuwa wanawaza malipo.

Kuhusu kuwapata, ninyi wa Mtwara mjini mna bahati ambayo hamuitumii. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele kiko karibu nanyi, na ndani yake wamo watu walioshughulikia korosho, ufuta, karanga na muhogo kwa miaka mingi. Jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii ni Nane Nane ya pale Ngongo, Lindi. Wataalamu wa kila idara husimama kwenye mabanda yao wakieleza mambo yale yale kwa watu mia kwa siku. Tembeeni taratibu, msikilize nani anaeleweka kwa mama mwenye mtoto mgongoni na nani anaeleweka kwa wakubwa zake peke yao, kisha yule wa kwanza mwulizeni jina na ofisi. Hapo mmeshachagua msemaji kabla ya kuandika barua.

Barua yenyewe iandikwe, msitume salamu. Ipitie kwa mtendaji wa kata, na ofisa maendeleo ya jamii wa kata apate nakala, kwa sababu vikundi kama chenu ni kazi yake. Na posho msitoe. Ofisa ugani au ofisa afya analipwa mshahara na Serikali ili awafikie watu kama ninyi, kwa hiyo akija hajawafanyia hisani.

Muuguzi mstaafu, Kilwa Masoko

Shikamoo Mzee wa Newala, na wewe Katibu hujambo.

Naunga mkono suala la swali, ila katika afya kuna tatizo la ziada: swali la kweli mara nyingi ndilo ambalo mtu hataki lijulikane kuwa ni lake. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda pamoja na tabibu mmoja kuzungumza na wavuvi huku kwetu kuhusu matende na mabusha. Tulijua kwamba miongoni mwa wanaume wale wamo wenye busha, na wao walijua kwamba tunajua, lakini kila tulipouliza kama kuna swali walituuliza habari za chandarua. Tabibu akavua kofia yake, akaipitisha pamoja na vikaratasi na kalamu, na mwalimu wa shule akakaa nyuma ya mtumbwi kuwaandikia wasiopenda kuandika. Kofia ilirudi imejaa, na karatasi ya kwanza kufunguliwa iliuliza kama ni kweli kwamba madafu yanaleta busha.

Swali hilo lilichukua karibu saa nzima, na halikuwa la kuchekwa, kwa sababu katika pwani yetu imani hiyo ina mizizi mirefu kuliko minazi yenyewe. Tabibu alieleza kwamba ugonjwa huletwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu, kwamba mtu huweza kuishi na minyoo hiyo miaka mingi kabla dalili hazijaonekana, na kwamba zile dawa za kingatiba zinazogawiwa bure katika kampeni hukata mnyororo wa maambukizi hata kwa yule anayejiona mzima. Akaeleza kwamba busha hutibika kwa upasuaji, na kwamba mguu wa matende, ingawa ni vigumu kurudi kama zamani, hupata nafuu kubwa ukioshwa kila siku kwa maji na sabuni, ukakaushwa vizuri mpaka katikati ya vidole, na kuinuliwa wakati wa kupumzika, kwa kuwa vidonda vidogo kati ya vidole ndivyo vinavyofungua mlango wa homa na uvimbe. Mzee mmoja akasema kwa uchungu kwamba amejinyima madafu miaka 15 na busha analo. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kofia tena.

Kwa hiyo, Katibu, swali mnaloandika kwenye barua liwe la kikundi, lakini siku yenyewe wekeni kofia au kikapu. Pia mwambieni mgeni mapema kwamba hakuna umeme wala ukuta, na mwombeni aje na kitu cha kushika mkononi. Muuguzi wa kituo chenu akija na mashine ya kupimia presha, akampima mama mmoja kwa ridhaa yake, akaeleza nini maana ya namba ya juu na ya chini, kwa nini 140 kwa 90 inayojirudia ni ya kufuatiliwa, na kwa nini dawa haiachwi eti kwa sababu mtu anajisikia vizuri, amefundisha zaidi ya picha 40. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaani gramu 5, ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikifikie kwa siku. Kimwageni juu ya sahani mkitazame, halafu mkumbuke chumvi iliyomo kwenye papa mkavu.

Wauzaji hutambulika kwa barua. Mwenye ofisi hukubali kuandikiwa kupitia mganga mfawidhi wa kituo chake. Muuzaji hupenda kupigiwa simu yake binafsi. Mwulizeni waziwazi kabla hajaja kama kuna chochote atakachouza, atakachogawa au orodha ya namba za simu atakayokusanya, na katika kanuni zenu andikeni kwamba siku ya mazungumzo hakuna biashara wala mkopo wa dharura kwa ajili ya kununua kitu cha mgeni. Na yeyote anayewaambia muache dawa mlizoandikiwa hospitali mtumie za kwake, mwondoeni kwa heshima kabla hajamaliza sentensi.

Dereva wa bodaboda, Mtwara mjini

Mimi nina mfano mmoja tu. Umoja wetu uliwaandikia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kuwauliza jambo lililotutatiza: abiria akipanda na mtungi wa gesi, aulaze au ausimamishe? Alikuja askari mmoja, akajibu kwamba usimame na ufungwe vizuri, kisha kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tumenunulia wake zetu mitungi hivi karibuni, akaomba beseni, sabuni na mtungi wa mmoja wetu. Akapaka povu kwenye mpira na kwenye kichwa cha mtungi, nasi tukaona kwa macho yetu vipovu vikijitokeza mahali mpira ulipounganishwa. Mwenye mtungi alinyamaza kimya hadi mwisho.

Mwenzetu akauliza kwa nini gesi ya kupikia ni ghali hivi wakati inatoka Msimbati. Jibu lilitushangaza wengi, ingawa tumezaliwa jirani na visima. Gesi asilia ya Mnazi Bay huko Msimbati, ile inayosafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupaa. Iliyomo kwenye mitungi yetu ni propani na butani zinazoletwa kwa meli kutoka nje, na hizo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kutulia mabondeni. Ndiyo maana mtungi hauwekwi kwenye chumba kilichozama, na ukisikia harufu hutakiwi kuwasha wala kuzima taa. Funga koki, fungua milango na madirisha, watoe watu nje, kisha piga 114. Alikaa nasi dakika 50. Alichokunywa ni maji.

Mwalimu mstaafu, Lindi

Namheshimu sana Mzee wa Newala, lakini kuhusu posho nadhani amefunga mlango mmoja zaidi ya inavyohitajika. Posho na nauli ni vitu viwili. Mtumishi anayetoka Naliendele kwa pikipiki yake Jumapili alasiri, siku ambayo ofisi yake haimpi mafuta, akirudi nyumbani amepungukiwa, mwaliko wa pili ataupokea kwa tabasamu na hatatokea. Kikundi kiamue kiasi cha nauli mapema, kiandikwe kwenye muhtasari, kitoke kwenye mfuko wa jamii na kitajwe ndani ya barua ya mwaliko, ili mgeni asilazimike kuuliza na ninyi msilazimike kuchangishana. Ongezeni sahani ya chakula. Halafu, ndani ya wiki ile ile, andikeni barua ya shukrani kwa mkuu wake wa kazi na nakala kwake mwenyewe, mkitaja tarehe, idadi ya waliohudhuria na swali lililojibiwa. Barua ile huingia kwenye jalada lake. Nimewaona watumishi waliosahau posho walizopewa, lakini barua ya namna hiyo wameihifadhi mpaka siku ya kustaafu.

Jambo la pili ni kwamba mmeorodhesha wataalamu wa ofisini peke yao. Wenye umri wangu tunakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyowafikia takribani watu milioni mbili nchini. Watu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, lakini redio ilipozimwa ndipo kazi ilipoanza: walijadili kijitabu, wakakubaliana, wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Mtaalamu alikuwa redioni, na kikundi kilikuwa na ujuzi wake.

Niliona jambo hilo kwa upande mwingine hapa Lindi, tulipomwalika mtu wa jiolojia azungumze na wazee wa baraza letu kuhusu Tendaguru, kile kilima cha hapa Lindi kilichofukuliwa mifupa ya dinosaria. Alieleza vizuri jinsi Wajerumani walivyochimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, jinsi mifupa ya umri wa miaka takribani milioni 150 ilivyopakiwa na kubebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini Lindi, na jinsi yule mjusi mkubwa anavyosimama leo katika makumbusho ya Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Alipomaliza, mzee mmoja akaanza kusimulia aliyoyasikia kwa babu yake: njia waliyopita, mahali walipolala, namna mizigo ilivyofungwa. Mgeni wetu akatoa daftari. Kwa dakika 20 yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi, na aliporudi mara ya pili alijileta mwenyewe bila barua. Acheni nafasi ya jambo kama hilo katika ratiba yenu.

Katibu wa kikundi, Chikongola, Mtwara

Nawashukuru wote, na shikamooni wazee wangu.

Jumapili iliyopita niliwasomea wanachama majibu haya, kisha tukapitisha kikapu. Maswali 19 yaliingia. Mawili yalihusu madafu. Kuhusu nauli walikubaliana na Mwalimu. Kuhusu posho walikubaliana na Mzee, tena kwa kupiga makofi. Maswali matano, kwa maandishi tofauti, yaliuliza jambo lile lile: mume akiuza nyumba wanayoishi bila mke kujua, mke anaweza kufanya nini? Hilo ndilo tumelichagua kuwa la kwanza. Je, humu kuna msaidizi wa kisheria aliye karibu na Chikongola, na tumwandikie nani?

Msaidizi wa kisheria, Mtwara mjini

Dada Katibu, niandikieni kupitia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Tunafanya kazi pamoja na barua itanifikia. Msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo hutolewa bila malipo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo inayousimamia, kwa hiyo la malipo lisiwasumbue.

Ili Jumapili hiyo tusipoteze muda, nitangulize hili. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo, na kinampa mwenzake haki ya kuweka zuio ili kulinda maslahi yake. Wengi huja kwangu mnunuzi akiwa ameshahamia, wakati zuio lingewekwa mapema kesi ingekuwa nyepesi zaidi. Waambieni wenye vyeti vya ndoa waje na nakala, na wasio na vyeti waje vilevile, maana swali lao lina njia yake na linahitaji muda wa peke yake. Wenye karatasi za kununulia kiwanja, hata kama ni za mkono zenye sahihi ya mjumbe, wazilete pia tuzisome pamoja.

Nakaa Magomeni, nitakuja kwa miguu. Saa 10 na nusu nitakuwa chini ya huo mwembe, na kikapu kiwepo.